Gari la Kurudi Jumanne

Nchi ya Mbelembele msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zilikusanywa mwaka juzi ili zirekebishwe, baada ya kugundulika kwamba mto mkubwa unakipita kijiji alichozaliwa kiongozi wake, Mtukufu Mtangulizi, bila hata kupinda kidogo kwa heshima. Mpaka leo hazijarudi. Basi tuamini tu kwamba nchi hiyo ipo, kwamba ina barabara moja nzuri, na kwamba kwenye kilomita ya kumi na tisa ya barabara hiyo kuna kizuizi cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Mtu wa kukiinua na kukishusha aliitwa Shaweji.

Kazi yake haikuwa na maelezo mengi. Katika nchi nyingine, tunasikia, barabara hufungwa kiongozi anapopita. Mbelembele ni nchi yenye adabu zaidi, kwa hiyo hufungwa tangu kiongozi anapoanza kufikiria kutoka. Redio ya upepo ingekoroma kiunoni mwa Shaweji: "Kilomita kumi na tisa! Mtukufu anafikiria!" Naye angekishusha kizuizi. Baada ya hapo Mtukufu angeweza kuoga, kupata kifungua kinywa, kughairi, kisha kughairi kughairi kwake. Magari yangengoja. Wananchi walikuwa wamezoea kungoja pale hata wengine walichumbiana kwenye foleni, na mmoja alipata cheo kazini wakati wenzake wote wakiwa bado wamekwama nyuma yake.

Jumanne ya Sikukuu ya Hatua, Mtukufu alianza kufikiria saa mbili asubuhi. Saa tatu na nusu ikafika pikapu ya jirani yake Shaweji, na nyuma yake, juu ya godoro, alikuwa amekalishwa Mashavu, mke wa Shaweji, kabanwa na pumu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kizuizi, karibu kiasi kwamba paa lake lilionekana likimeremeta juani.

"Mume wangu, fungua," alisema Mashavu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Bado kidogo, mke wangu. Wanakaribia."

Shaweji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kukiinua kizuizi kabla ya wakati, na alikuwa na cheti cha kuthibitisha hivyo. Alisema bado kidogo mara nne. Mara ya tano hakukuwa na wa kumwambia. Msafara ulipita saa sita kasorobo, pikipiki kumi na mbili mbele na magari arobaini nyuma, na Shaweji akapiga saluti huku mkewe amefunikwa kanga hatua kumi na mbili kutoka aliposimama yeye.

Siku hiyohiyo, kwenye sherehe uwanjani, ulitokea msiba wa taifa.

Mtukufu Mtangulizi alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na moja wa hotuba yake. Jua lilikuwa kali. Akafuta jasho, akaweka karatasi chini, akasema neno ambalo halikuandikwa na mtu yeyote: "Nimechoka."

Alimaanisha jua. Lakini kabla hajamalizia sentensi, uwanja mzima ulilipuka kwa makofi. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakakumbatiana na watu wasiowajua, bendi ikapiga wimbo wa taifa bila kuamriwa, na jaji mmoja mstaafu akazimia kwa furaha. Makofi yalidumu dakika kumi na moja. Kwa dakika kumi na moja Mtukufu alisimama akiwatazama watu wake, na ndipo alipowaona wakiwa na furaha kwa mara ya kwanza.

Aliporudi Ikulu hakula. Siku ya tatu aliwaita mawaziri, akawaambia ile Jumanne lazima isiwe imetokea.

Zipo serikali ambazo zingeona jambo hilo gumu. Ya Mbelembele iliunda wizara. Waziri wa Mwendo na Majira, Profesa Dakta Mhandisi Ndimbo, alijitokeza kwenye televisheni akiwa amevaa koti jeupe juu ya suti.

"Ndugu wananchi, tusitishwe na elimu," alisema. "Mtu akitoka hapa kwenda uwanjani kwa miguu, atafika kesho. Kwa baiskeli, atafika leo jioni. Kwa gari, atafika leo asubuhi. Sasa nawauliza, akiongeza mwendo zaidi, atafika lini?"

"Jana!" ilijibu hadhira iliyokuwa imeandaliwa.

"Na akikanyaga mafuta bila huruma?"

"Juzi!"

"Mmeona? Watoto wa Mbelembele wana akili. Wataalamu wa nchi za mbali wanadai eti hakuna kinachoweza kuupita mwanga. Hatubishani nao. Tunawauliza tu, huo mwanga wao una ving'ora? Umewahi kufungiwa barabara?"

Gari la Urejeo lilianza kuundwa. Mwili wake ulikuwa wa gari refu jeusi la Ikulu, na injini yake ilitoka kwenye ndege iliyowahi kutua nchini ikakataa kuruka tena. Mshale wa mwendo uliishia kwenye mia mbili na arobaini, jambo lililosumbua vikao vitatu, mpaka fundi mkuu alipoongeza namba kwa kalamu ya wino mwekundu hadi laki tatu, akaandika pembeni "mwanga", kisha akaacha nafasi kidogo ya ziada kwa ajili ya Mtukufu.

Shaweji aliyasikia hayo yote kwenye redio, kibandani kwake kando ya kizuizi. Aliacha kutafuna mhogo wake. Jumanne waliyokuwa wakiitafuta wakubwa ndiyo ileile yake. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila barabara ilipokuwa tupu, alikuwa akikiinua kizuizi kwa nguvu zake zote na kuhesabu. Kilichukua sekunde nne.

Miezi ikapita na nchi ikaingia katika raha ya ajabu. Kwa kuwa kila kitu kingerudi kilikokuwa, hakukuwa na haja ya kushughulika na chochote. Mahakimu walihukumu bila kusikiliza, kwa kuwa kesi yenyewe ilikuwa mbioni kufutika. Hospitali ya kilomita ishirini iliacha kuagiza dawa; mganga mkuu alieleza kwamba si matumizi mazuri ya akili kumtibu mtu ugonjwa ambao karibuni atakuwa hajaupata. Waziri wa Ujenzi alionyeshwa ukuta wa shule ulioinama, akacheka. "Ya nini kukarabati ukuta ambao mwaka jana ulikuwa wima?" Ukuta ulipoanguka alisema afadhali, kwani ungesimama upya mzimamzima bila kazi ya viraka. Mtu akimkanyaga mwenziwe njiani hakuomba radhi. Alisema tu, "Itafutika."

Mmoja tu ndiye aliyeharibu sherehe. Kwenye mkutano wa kukusanya maoni, mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kilomita kumi na nane, mwanamke mkimya aitwaye Nuriati, alinyanyua mkono na kuuliza swali. Hakuadhibiwa, kwa sababu Mbelembele haiadhibu watu wanaouliza. Aliteuliwa papo hapo kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kutafakari Kimya, ambayo haina wajumbe wengine na ambayo kanuni zake zinamkataza mwenyekiti kuzungumza.

Shaweji alimfuata shuleni mchana mmoja, akamkuta anasahihisha madaftari, pengine mwalimu wa mwisho nchini aliyekuwa bado anasahihisha.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, kaka Shaweji. Karibu. Na pole kwa msiba, sijakuona tangu siku ile."

"Nishapoa." Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamgonga kifuani. "Nina swali. Kuhusu lile gari."

Nuriati aliinuka, akafunga dirisha. "Nikujibu kama mwenyekiti wa kamati?"

"Nijibu kama dada yangu."

"Basi sikiliza. Mtu akienda mbio za kupindukia, saa yake ya mkononi hupunguza mwendo. Hilo ni kweli, limepimwa. Lakini haigeuki ikarudi nyuma, kaka yangu. Akishuka, yeye bado kijana, sisi tuliobaki tumezeeka. Maana yake ametupita, yuko mbele zaidi yetu. Kadiri utakavyokimbia, ndivyo utakavyozidi kumwacha Mashavu nyuma."

Shaweji alitazama mikono yake. "Hata dakika moja? Mimi siitaki siku nzima, mwalimu. Wao wachukue siku yao. Kukiinua ni sekunde nne tu."

"Hata hizo nne hazipo."

Alimshukuru, akaaga kwa adabu, na njia nzima kurudi nyumbani alimchukia. Watu wa Mbelembele huambiwa ukweli mara chache sana na hawana mazoezi ya kuupokea. Kufika mlangoni alikuwa ameshapata jibu lake: profesa ana digrii tano, yule mama ana moja, na moja haiwezi kuzishinda tano.

Siku ya mbio ilipofika, amri ilisomwa redioni mara tatu. Kizuizi kisiinuliwe kwa gari, wala baiskeli, wala jeneza. Chombo chochote kitakachoingia barabarani kitausukuma wakati pembeni, na safari nzima itaharibika. Shaweji alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati ambalo Mashavu alilipenda. Alisimama wima kushinda siku zote za utumishi wake.

Saa nne ikaja bajaji kwa fujo, honi haikatiki. Ndani alikuwamo mwalimu Nuriati, amempakata mama yake, Bi Mwasiti. Kinywa cha yule bibi kilikuwa kimekwenda kombo na mkono mmoja ulining'inia.

"Kaka Shaweji, inua. Mama kapigwa na kiharusi."

"Hospitali haina dawa, mwalimu."

"Ina daktari mmoja ambaye bado anakuja kazini. Inua tafadhali."

Shaweji alikikaribia kizuizi. Aliushika mnyororo uliokifunga. Moyoni mwake Mashavu alikuwa amekaa juu ya godoro akivuta pumzi. Akauachia.

"Dada yangu, vumilia," alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa wa kweli. "Gari likishapita, mama hatakuwa ameugua kabisa. Itakuwa miezi minane nyuma. Atakuwa jikoni kwake anachambua mchele."

"Nilikueleza. Nilikaa nikakueleza."

"Nikikufungulia wewe, safari inaharibika. Mke wangu anabaki alipo."

"Mkeo amekufa, Shaweji! Huyu mzima. Mtazame. Unamuua mama yangu."

"Kwa muda tu," alisema Shaweji.

Nuriati alishuka, akajaribu kukiinua mwenyewe. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa lile shati. Watu wa kwenye foleni walimsihi arudi kwenye bajaji yake, asiwacheleweshe kufika mwaka jana. Wengine walimwambia kwa nia njema kabisa kwamba itafutika.

Gari la Urejeo lilipita saa nane mchana. Mtukufu hakuwamo, kwa kuwa kamati ya usalama iliona si vizuri afike jana peke yake kabla ya walinzi. Ilipelekwa kwa niaba yake picha yake kubwa, imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, pamoja na Profesa Ndimbo akiwa amefumba macho. Kishindo kilikuwa kikubwa na moshi ulikuwa mwingi. Kuku mmoja aliyekuwa akivuka alilitazama, akamaliza kuvuka. Tunaamini kwamba mshale ulifika kwenye wino mwekundu, kwani aliyeusoma amepewa nishani.

Bi Mwasiti alikuwa amekata roho tangu saa saba.

Saa tisa kasorobo redio zote zikatangaza: tumefika. Leo ni Jumatatu, mkesha wa Sikukuu ya Hatua. Magazeti ya siku ile yalikuwa yamechapwa upya tayari, pamoja na la kesho yake, lenye hotuba iliyosahihishwa: "Sijachoka, wala sitachoka." Waliofariki katika miezi minane iliyofutwa wakatangazwa kuwa hai, na ndugu zao wakaamriwa kuvunja matanga. Watoto waliozaliwa katika kipindi hicho waliombwa kuwa na subira.

Shaweji hakungoja tangazo liishe. Aliacha kizuizi, aliacha kofia, alikimbia kama hajakimbia tangu utoto. Uani kwake kulikuwa na jua na ndoo tupu. "Mashavu!" Aliita chumbani. Aliita jikoni, akaita tena uani kana kwamba walikuwa wamepishana mlangoni. Jirani mwenye pikapu alichungulia juu ya ua, akamwona, akainamisha kichwa na kurudi ndani bila kumsalimu.

Baada ya muda alikuja karani wa mtaa na karatasi, mtu mchangamfu.

"Hongera, ndugu. Hapa unaweka sahihi kwamba umempokea mkeo akiwa katika hali nzuri. Yuko wapi?"

Shaweji alijua kwamba kama angesema neno moja la kweli angelia mbele ya yule karani na asingeweza kunyamaza tena.

"Ametoka kidogo," alisema, akatia sahihi.

Mwalimu Nuriati alimzika mama yake jioni ileile, kwa watu wanne, bila kibali. Ofisi ilikataa kutoa kibali cha kumzika mtu aliye hai.

Jumanne ilipofika kwa mara ya pili, Mtukufu alianza kufikiria saa mbili asubuhi kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Kila mtumishi wa umma alitakiwa kuwapo uwanjani kutopiga makofi pale palipokatazwa. Foleni ikajaa kilomita ya kumi na tisa: mabasi ya wizara, malori ya jeshi la akiba, bajaji za walimu. Shaweji alisimama mahali pake. Hakuwa amelala wala kula. Alikuwa na kitu kimoja tu kichwani, nacho hakikuwa na hesabu ya profesa wala ya mwalimu. Kama wakubwa wanasema leo ndiyo siku ile, basi leo ndiyo siku ile, na kuna jambo hakulifanya.

Saa tatu na nusu kamili alifungua kufuli na kukiinua kizuizi.

Kilisimama wima, chuma kitupu angani. Barabara mbele ilikuwa wazi hadi hospitalini, na hakuna redio iliyokuwa imetoa ruhusa. Shaweji alijitokeza katikati ya lami, akaanza kuwapungia madereva mkono.

"Piteni! Nimefungua, piteni!"

Hakuna aliyewasha injini. Dereva wa basi la kwanza alifunga kioo. Wa pili alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani. "Mzee, shusha hicho kitu! Utatuponza sote!"

"Nimesema piteni! Mwenye mgonjwa apite!"

"Hatuna mgonjwa! Shusha, bwana, tuna watoto!"

Shaweji aliipita foleni akigonga mabati ya magari kwa kiganja. Aliomba. Alimwomba mtu mzima mwenye tai, akamwomba askari wa akiba, akawaapia kwamba atabeba lawama peke yake. Walimtazama kwa huruma, na walimwogopa. Hatimaye akafika kwenye bajaji ya nne, akamkuta mwalimu Nuriati ameketi na kanga nyeusi begani, ambayo ilikuwa imekatazwa.

"Mwalimu," alisema. "Dada yangu. Nimekifungua. Pita."

Nuriati hakuwa na hasira tena. Alimuuliza kwa sauti ileile aliyoitumia darasani, ya mtu anayetaka kujua kama mwanafunzi ameelewa.

"Nipite nimpeleke nani?"

Shaweji alirudi kwa miguu hadi mbele ya foleni, akikipita kila kioo kilichofungwa. Redio kiunoni ilikoroma kwamba Mtukufu bado anafikiria. Hakuna aliyemwamuru. Alikishika kizuizi kwa mikono miwili na kukishusha taratibu mpaka kikakaa mahali pake, na dereva wa lori akampungia mkono kumshukuru.